Mdoli wa Pili

Nilipokuwa mtoto sikuruhusiwa kutamka neno "moja". Nilizaliwa pacha, na bibi yangu mzaa baba alikuwa na sheria zake kuhusu pacha, kali kuliko sheria za kambi ya polisi tuliyoishi. Ukiulizwa umepewa maandazi mangapi, unajibu "mbili", hata kama unalo moja tu mkononi na umeshaling'ata. Ukiulizwa una viatu pea ngapi, mbili. Bibi alisema ukimtajia pacha moja, unamwonyesha njia ya kwenda zake amwache mwenziwe. Basi mimi na Acen tulikua tukijibu mbili kwa kila kitu, na watu wa kambini walitucheka, lakini hakuna aliyetukosoa mbele ya Bibi.

Sasa mimi ni mama mtu mzima, mgongo unaniuma nikiinama kufua, na bado ulimi wangu haujapona. Dukani nikiulizwa mikate mingapi nasema miwili, na mmoja unaota ukungu. Juu ya kabati langu la nguo kuna sanduku la bati, na ndani yake, umefungwa kwenye sweta langu la shule, mna mdoli wa plastiki. Nimehama nyumba mara tano na kila mara nimeubeba mwenyewe mkononi. Watoto wangu hawajawahi kuuchezea. Wanaojua kuwa ninao hudhani nimeuweka kwa mapenzi, kwa kumkumbuka ndugu yangu. Niseme ukweli: niliuweka kama polisi anavyoweka kithibitisho, ili nisije nikamsamehe mtu fulani. Mtu huyo alikuwa mama yangu.

Tulikaa Naguru, Kampala, miaka michache baada ya vita vya themanini na sita, katika zile nyumba za mabati za mviringo zinazoitwa "mama ingia pole" kwa sababu mlango wake ni mfupi na usipoinama unajigonga. Baba alikuwa dereva wa polisi, mtu wa kabila la Walango kutoka kaskazini. Mama alikuwa Mganda wa upande wa Gayaza, na kwa kuwa alizaa pacha, kambi nzima ilimwita Nalongo, na baba Salongo, kama ilivyo heshima ya watu wa Kampala. Bibi alikuja kuishi nasi kwao kulipochafuka na ng'ombe wao wote kuchukuliwa. Hakujua Kiganda, mama hakujua Kilango. Walichokuwa nacho kati yao ni Kiswahili cha kambini, kibovu kwa wote wawili, kilichotosha kuagizana chumvi na kulaumiana.

Mimi ni Apio, niliyetangulia. Acen alinifuata, akawa na akili za kunizidi. Sheria ya Bibi yeye aliigeuza mchezo. Akiulizwa amepewa maandazi mangapi naye analo moja, alijibu, "Mbili, ingine iko tumbo." Bibi alijikaza asicheke, akashindwa.

Mwaka tulipotimiza miaka saba, baba alitumwa Malaba, mpakani, kwa kazi, yeye na mwenzake Koplo Draku. Tuliporudi kutoka shuleni siku aliyofika, tulimkuta mama amekaa kwenye mkeka na mdoli mapajani. Sikuwa nimeona kitu kama hicho. Ulikuwa na nywele za manjano, macho yaliyofumba ukiulaza na kufumbuka ukiuinua, na gauni la bluu lenye vifungo vitatu vyeupe kifuani. Tulipiga kelele. Mama hakupiga kelele. Alikuwa amenuna.

"Ni ya baba yenu," alisema. "Ingine inakuja."

Bibi aliporudi kutoka bombani na ndoo yake, aliutazama mdoli kama mtu anayetazama nyoka kwenye kuni.

"Nalongo. Toto ya pacha, ya pili iko wapi?"

"Salongo amesema ingine inakuja, mama."

"Weka juu. Mpaka iko mbili, hakuna mtu ya kugusa. Ile haina yake itakasirika, itaenda. Mimi nimeona kwetu. Nimezika."

Mama hakubisha. Kwao pia pacha hawapunjwi. Wakipunjwa huunguzana ngozi, wanasema. Aliuweka mdoli juu ya kabati la vyombo, na sisi tukawa tunaukodolea macho kutoka chini. Wiki ikapita, na ya pili. Baba aliingia na kutoka, na kila mama alipomuuliza, alijibu kwamba amesikia.

Ikaja siku ya mvua, Bibi kaenda maombi, Acen analia tangu asubuhi bila sababu inayojulikana. Sasa nadhani homa ilikuwa imeshaanza kumtambaa. Mama alivumilia, akavumilia, mwisho akapanda kwenye kiti akauteremsha mdoli. Alituketisha uso kwa uso, akaulaza katikati, kichwa kwa Acen na miguu kwangu. "Shikeni pamoja," alisema. "Mukishika pamoja si kosa." Ile ndiyo saa pekee ya raha tuliyopata na mdoli ule. Tuliulaza ukafumba macho, tukauinua ukafumbua, mvua ikitwanga mabati, na mama akicheka kwa kujificha kama mtoto mwenzetu.

Jumapili iliyofuata Koplo Draku alikuja kunywa chai. Acen alikuwa amelala kwenye mkeka, macho mekundu, kamasi zinamtoka. Draku, mtu mwema asiyejua kuumauma maneno, aliinua macho akauona mdoli juu ya kabati.

"Eh, toto za Malaba hizo! Wapi ingine? Salongo alinunua mbili, mimi mwenyewe nilibeba mfuko."

Mama alimgeukia baba, na nakumbuka uso wake ulivyofunguka, kwa kuwa alidhani sasa jibu limepatikana. Bibi naye alimgeukia baba. Baba alikoroga chai yake. Ilikuwa imeshakorogwa.

"Nilimpa Nalongo zote," alisema.

"Salongo!"

"Mbili. Mkononi."

"Kweri Salongo, mbele ya Mungu! Mimi hukuniletea mbili!"

Bibi hakumsikiliza hata mmoja wao. Aliniita mimi, kwa kuwa ndimi niliyetangulia kuzaliwa, akanisimamisha kati ya magoti yake. "Apio, ile siku umetoka shule. Umeona toto ngapi?"

Nikajibu, "Mbili."

Sikufikiri. Sikumtazama baba wala mama. Hilo ndilo lilikuwa jibu, kama vile mtu akikuamkia unavyoitikia. Nilijibu vizuri, kwa sauti, nikingoja kusifiwa. Na Bibi, aliyenifundisha kwa kiboko na kwa vipande vya sukari guru kujibu hivyo, hakukumbuka hata kidogo kwamba alinifundisha. Alimgeukia mama na kutikisa kichwa. Laiti angemwamsha Acen akamuuliza yeye. Acen angesema ingine iko tumbo, Draku angecheka, na pengine mtu mmoja mle ndani angepata akili.

Tangu jioni ile ikawa inajulikana kambi nzima kwamba Nalongo ameiba mdoli wa pacha akampa dada yake. Dada huyo, mama mdogo Nakku, aliuza nyanya soko la Kalerwe na alikuwa na binti mdogo, basi hadithi ilikamilika bila kutiwa chumvi. Kesho yake Acen akatoka vipele kuanzia nyuma ya masikio. Ilikuwa surua. Wanawake wa kambini walijua ni surua, nao walisema. Lakini vipele viliposhuka kifuani na ngozi ikaanza kuwa nyeusi na kuchunika, Bibi aliona kuungua tu.

"Anatafuta yake," alimwambia mama. "Rudisha. Ikirudi, moto inatoka. Hospitali baadaye."

Mama alikwenda Kalerwe, lakini hakukuwa na cha kurudisha. Alizunguka soko lile, akazunguka na masoko ya mjini, akitafuta mdoli wenye gauni la bluu na vifungo vitatu. Jioni ya pili alirudi na mdoli waliousuka usiku kucha yeye na mama mdogo, wa magamba makavu ya mgomba, umevalishwa gauni la bluu. Kitambaa nilikijua mara moja. Alikuwa amekata gomesi, vazi lake refu la kwendea kanisani. Vifungo alishona vitatu, vyeupe.

Bibi aliupima mdoli ule kwa wa plastiki, bega kwa bega, akaurusha nje. "Hii si sawa. Unacheza na mtoto?"

Baba alikuwapo. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake karibu na mlango akifunga kamba za buti. Aliuona mdoli wa mgomba ukipita mbele yake na kuanguka matopeni, akamaliza kufunga kamba, akainama, akatoka kwenda kazini.

Siku ya nne mama hakuomba ruhusa ya mtu. Alimfunga Acen mgongoni na kushuka naye kilima kwa miguu hadi hospitali. Daktari alimuuliza mlikuwa wapi siku zote hizi. Surua ilikuwa imeshaingia kifuani. Watu wa mama hawasemi pacha amekufa, husema ameruka, na mama alipopanda tena kilima mchana ule, mgongoni hana mtu, ndivyo alivyotuambia mlangoni: "Acen ameruka." Bibi alipiga yowe. Kisha akaanza kutupa nguo za mama nje, moja moja, na baba hakumzuia.

Bibi alinipa mimi mdoli. Alisema niutunze kwa ajili ya wawili.

Nikautunza. Na kwa kuwa nyumba nzima ilisema midoli ilikuwa miwili, nami ndimi niliyekuwa shahidi, nilirudia ushahidi wangu kwa kila mgeni aliyekuja kutoa pole mpaka nikaanza kuuona. Naapa niliuona. Midoli miwili kwenye mapaja ya mama, magauni mawili ya bluu, vifungo sita. Usiku nikifumba macho niliihesabu. Hata ule mnuno wa mama siku ile, nikaupa maana: alikuwa anapanga kuiba.

Mama alikuja shuleni mara nyingi. Alisimama langoni na vipande vya muwa alivyokwisha kuvimenya na kuvifunga kwenye jani. Nilimpita. Siku moja alinishika mkono, nami nikamwambia maneno ambayo nimeyabeba mpaka leo. Nilimwambia, "Uliuza toto ya Acen."

Hakukasirika. Alichutama ili macho yetu yalingane. "Mwana wange. Mimi niliona moja. Kweri, Apio. Moja."

Nilishtuka kusikia neno lile likitoka mdomoni mwake, bila haya, mbele ya pacha aliyebaki. Niliona ndiyo sababu Acen ameondoka. Nilijinasua nikakimbia, na muwa wake ukaanguka.

Alifariki nikiwa sekondari. Kwenye mazishi nilisimama nyuma kama mtu aliyekuja na basi la kanisa. Mama mdogo Nakku alinitazama kwa muda mrefu. Tangu hapo sikukanyaga Kalerwe. Nimeishi Kampala maisha yangu yote na nimenunua nyanya mahali pengine, ghali zaidi, nikizunguka njia ndefu ili nisipite mbele ya genge lake.

Baba aliishi akazeeka. Nilimuuguza mimi. Nilimwosha, nilimlisha, nilimsomea barua za pensheni. Mara moja, katika ugonjwa wake wa mwisho, aliuliza kama bado ninao mdoli. Nilisema ninao. Alifumba macho, nikadhani amelala.

Tulimzika kwao mwaka jana. Kama kawaida ya mazishi yetu, mzee wa ukoo alisimama na karatasi akawataja watoto wa marehemu, na kama kawaida ya mazishi yetu, karatasi ilikuwa ndefu kuliko tulivyotarajia. Nyuma ya jina langu lilitajwa jina la Suzana, wa mtaa wa Kisugu, Kampala. Akasimama mwanamke wa rika langu, mwenye paji la uso la baba. Tulizidiana miezi miwili. Sikupasuka moyo, niseme kweli. Baba alikuwa dereva, na sisi wake na watoto wa madereva tunajua kuhesabu. Nilimpenda Suzana. Alilia kwa adabu, akasaidia kuosha masufuria. Tulipoagana alinialika kwake.

Nilikwenda Kisugu Jumamosi moja baada ya chakula cha mchana. Sebule safi, vitambaa vya kufuma kwenye kila kiti. Suzana alikuwa jikoni akichemsha maziwa aliponiambia niwashe televisheni. Televisheni ilikuwa ndani ya kabati la vioo. Juu yake, kati ya bilauri za harusi, ulikaa mdoli wenye nywele za manjano na gauni la bluu. Vifungo vitatu. Gauni lilikuwa limefifia kidogo, na hiyo ndiyo tofauti pekee na wangu.

Aliporudi na sinia alinikuta nimesimama.

"Hiyo unaangalia?" akacheka. "Ni zawadi ya baba. Alinitolea Malaba nikiwa katoto. Alisema nisiitoe nje, watu wataiba. Mpaka leo siitoi."

Nilimuuliza kama baba aliwahi kuizungumzia tena. Sijui kwa nini niliuliza. Suzana alimimina chai kwanza.

"Kuna siku alikuja kunipokonya, bambi maskini. Alikuwa na yunifomu, anatoka jasho. Akasema ataleta ingine. Mimi nililia mpaka nikatapika. Mama naye akamfokea. Alikaa pale chini, akashika kichwa, alafu akaniachia. Akaenda." Alinisogezea kikombe. "Nilikuwa na miaka saba. Kwa nini unalia?"

Sikumwambia siku ile. Nimemwambia baadaye, na baada ya wiki mbili akanipigia simu kusema nikautwae ule mdoli, hawezi tena kulala nao nyumba moja. Simlaumu. Alikuwa mtoto aliyelilia kitu chake.

Baba ndiye ninayemlaumu, na nimejaribu kwa haki kabisa kutomlaumu. Siamini kwamba mdoli ulimuua Acen, wala kwamba wa pili ungemponya. Surua ilimuua, na zile siku tulizokaa nyumbani tukingoja. Bibi nimeshamsamehe, alikuwa mkulima mzee aliyepoteza ng'ombe wake na nchi yake, na alishika alichobaki nacho. Yeye aliamini alichosema. Lakini baba hakuamini wala hakukataa. Alijua ulipo mdoli wa pili, na alijua kwamba neno lake moja tu lingempeleka Acen hospitali Jumatatu badala ya Alhamisi. Akaliacha lile neno limkae shingoni mama yangu, kwa kuwa lilimfaa huko. Mila ya mama yake ikawa ndiyo maficho yake, na mimi ndimi niliyemfungia mlango kwa nje.

Basi mwezi uliopita niliitia midoli yote miwili kwenye kikapu nikaenda Kalerwe.

Mama mdogo Nakku bado anauza nyanya. Amekuwa mdogo, amekonda, meno machache, lakini mikono ileile inapanga mafungu ya nyanya nne nne na ya tano juu. Nilipiga magoti kumwamkia, hapohapo kwenye maji ya soko. Alinitambua kabla sijasema jina. Nilifunua kikapu. Aliitazama midoli, mmoja, mwingine, akaendelea kupanga.

"Ya pili ilikuwa wapi?"

"Kisugu. Kwa mtoto wake mwingine."

"Kumbe." Aliweka nyanya juu ya fungu. "Sisi tulijua ni mwanamke. Mtaa tu ndiyo hatukujua."

"Mama mdogo, siku ile niliona moja." Ilinitoka kwa shida, kama mtu anayetema mwiba. "Mdoli mmoja. Nilisema mbili, lakini niliona moja."

"Mimi unaniambia ya nini? Mwenye kuambiwa tulimzika Gayaza."

Niliinamisha kichwa. Nilikuwa nimekwenda kulipwa matusi, nami niliyataka. Alimhudumia mteja, akarudi kwangu.

"Lakini hata yeye hukuwa na kitu ya kumwambia," alisema. "Mimi nilitaka kuja huko Naguru nikuchape. Dada yangu alinikataza. Alisema, 'Muache Apio. Mtoto hakusema uongo. Alijibu vile tulimfundisha.' Kila mwaka alisema hivyo. Alikuwa anangoja ukue, ukuje, akuambie mwenyewe."

Kisha akanifungia nyanya kwenye mfuko na kuniuliza kama fungu hili litatosha au niongezewe la pili. Nilimwambia moja linatosha.